Mwenyekiti Asiye na Shangazi

Lugano Mwasomola aliteremka kwenye basi upande wa Maore, wilayani Same, mwaka 1984, akiwa na miaka kumi na tisa na barua ya kaka yake iliyosema kazi ya mkonge ipo. Alitoka Tukuyu, kwenye mvua na migomba, akajikuta mahali ambapo mlima uko kijani juu na chini yake ni vumbi tupu hadi macho yanapokoma. Kaka yake alivumilia mwaka mmoja, akarudi kwao. Lugano akabaki.

Alikata mkonge miaka kumi na minne. Mwaka wa sita ncha ya jani ilimtoboa jicho la kushoto. Alikaa nyumbani wiki tatu, kisha akarudi kazini, akajizoeza kugeuza kichwa kidogo ili aone anachokikata. Mazoea hayo hayakumtoka. Hata leo, mtu akiongea naye kwa mara ya kwanza hudhani anasikilizwa kwa makini mno.

Shamba la mkonge lilipofungwa, mashine ya kuchakata majani, ambayo wafanyakazi walikuwa wakiiita korona, iling'olewa ikauzwa chuma chakavu. Jina likabaki kwenye kitongoji. Wabena, Waha, Wanyaturu na Wanyakyusa waliokuwa kwenye kambi ya wafanyakazi, wengine walikwenda kwao, wengine hawakuwa tena na kwao kwa kurudi. Lugano alikuwa tayari amemwoa Asnath, binti wa Kipare wa huko juu mlimani, Msabato, aliyekuwa akiteremka siku za gulio kuuza tangawizi. Baba yake Asnath, baada ya kumtazama mkwe huyo miaka minne bila kusema neno la maana, aliwakatia ekari moja na nusu kando ya mfereji. Upande wa pili wa mpaka lilikuwa shamba la Aminieli, mdogo wake Asnath.

Uenyekiti wa kitongoji ulimjia mwaka 2009, bila yeye kuutafuta. Koo mbili za Kipare zilikuwa zikigombania maji ya ndiva, lile bwawa dogo la kienyeji lililo juu ya kitongoji, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kila aliyetajwa kuwa mwenyekiti alikuwa na shangazi upande huu au mjomba upande ule. Mkutano ulipochoka, mzee mmoja akasema, "Tumpe yule Mnyakyusa. Hana shangazi hapa." Watu walicheka. Kisha wakaona kwamba mzee amesema jambo.

Kazi aliifanya vizuri. Alipanga zamu za maji kwa kufuata mfereji ulivyopita, bila kujali jina la mwenye shamba. Wamaasai waliokuwa wamehamia tambarare ya chini aliwatengea birika la kunyweshea ndama, lijazwe Jumanne na Ijumaa. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, aliiweka Jumatano, kwa sababu Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili ya Walutheri. Ng'ombe wakiingia shambani, yeye na mwenye ng'ombe na mwenye shamba waliingia pamoja kuhesabu mashina yaliyoliwa, kisha wakanywa chai kwa mwenye shamba. Sharti la chai alilitunga mwenyewe. Aliona kwamba watu waliokunywa chai pamoja huona haya kidogo kwenda polisi.

Alichaguliwa tena, na tena. Uchaguzi wa mara ya nne ndipo alipopata mpinzani wa kweli.

Clemence alikuwa Mpare wa pale pale, amestaafu kazi ya ugavi mjini Moshi na kurudi kujenga nyumba nzuri yenye bati jekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechangia saruji ya vyoo vya shule, na misibani alikuwa anafika mapema. Alijua pia kuongea. Siku ya kwanza ya kampeni alisimama mbele ya mashine ya kusaga, akashika kipaza sauti kwa mkono mmoja kama mtu aliyezaliwa nacho.

"Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Sisi ni watu wakarimu. Jembe tulimpa. Akalima. Tukampa na mke."

Watu wakacheka. Lugano, aliyekuwa amesimama nyuma kwenye kivuli cha mashine, naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

"Tukampa na shamba. Tukampa na mhuri wa kitongoji, miaka kumi na mitano. Sasa nauliza, jamani, atatuachia nini? Maji haya yanatoka mlima gani? Yanatoka Rungwe kwao? Makaburi yaliyo juu ya chemchemi ni ya nani? Mimi simchukii mtu. Nasema tu, mwenye nyumba ashike funguo za nyumba yake."

Safari hii hawakucheka. Walipiga makofi, na makofi yalikuwa mazito. Lugano alitazama waliokuwa wakipiga. Aliwajua wote kwa majina, na wengi wao aliwahi kuwapatanisha. Aliondoka taratibu akaenda kumwagilia mchicha wake.

Kampeni zilikuwa za siku saba. Kufikia siku ya tatu, maneno ya Clemence yalikuwa yamekwisha kutembea na kuongezewa miguu. Wapo waliosema akishinda, zamu za maji zitaanza kwa wenye makaburi. Wapo waliosema birika la ndama litafungwa, Wamaasai warudi walikotoka, ingawa hakuna aliyeweza kusema walitoka wapi. Clemence mwenyewe hakuyasema hayo. Hakuyakanusha pia.

Msimamizi wa kampeni ya Lugano alikuwa Vitus, kijana wa bodaboda aliyezaliwa kambini kwa wazazi Waha. Alimfuata Lugano nyumbani asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Mzee, wanakupiga kwa kabila, wewe unawajibu kwa mfereji. Kila mkutano ni zamu za maji, zamu za maji. Mtu akiwa na hasira hasikii zamu."

"Unataka niseme nini?"

"Usiseme wewe. Tutasema sisi. Nimepiga hesabu. Watu wa kambi tukija wote, na Wamaasai wakija wote, tumeshinda. Ila lazima waje wakiwa wanaogopa. Mtu asiyeogopa siku ya kura anakwenda shamba."

Lugano aligeuza kichwa kwa namna yake, akamtazama. Angeweza kumkataza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumkataza, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwamba alitaka kushinda na alikuwa ameumia. Alisema tu, "Msitukane watu."

Vitus hakutukana. Alifunga spika kwenye pikipiki ya matairi matatu, akazunguka nayo kitongoji kizima akisimulia ule utani wa Mpare aliyeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo ni wa siku nyingi. Asnath mwenyewe aliusimulia kwenye arusi, akicheka hadi machozi. Lakini ulipotoka kwenye spika, mchana kweupe, ukapita mbele ya nyumba za Wapare moja baada ya nyingine na kufuatiwa na maneno "wachoyo wa maji, safari hii mtakoma", haukuwa utani tena.

Siku ya sita Lugano alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho. Uwanja ulijaa watu wa kambi. Wamaasai walikuja kwa wingi kuliko alivyowahi kuwaona, wamesimama upande mmoja wameegemea fimbo. Wapare wachache walikaa mbele, na Asnath alikuwa miongoni mwao, pamoja na wanawake wa kwaya yake. Lugano alianza na zamu za maji kama kawaida. Aliona watu wakianza kuongea wao kwa wao. Akasimama kidogo, kisha akasema neno ambalo hakuwa ameliandaa.

"Wanauliza nimetoka wapi. Mimi nawauliza, walikuwa wapi wao? Nchi hii ya chini ilikuwa pori la tembo. Wao walikuwa juu kwenye baridi yao, wanatuchungulia. Tuliochomwa na mkonge ni sisi. Jicho langu liko kwenye udongo huu. Wao wametoa nini?"

Uwanja uliripuka. Vijana walimbeba mabegani. Akiwa huko juu alimwona Asnath akiinuka, anakung'uta vumbi kwenye kitenge chake, anapita katikati ya watu kuelekea nyumbani. Hakukimbia. Wanawake wa kwaya waliinuka mmoja mmoja wakamfuata.

Alipofika nyumbani alimkuta anachambua maharage.

"Umesema wao," Asnath alisema bila kuinua uso. "Wao ni nani, baba Eva? Baba yangu aliyekupa shamba?"

"Sikukusudia wewe."

"Ulinikusudia au hukunikusudia, mimi nilikuwa nimekaa pale mbele. Kila mtu aliyekuwa anapiga makofi alinitazama."

Lugano alichukua jembe akatoka.

Alishinda kwa kura kumi na tisa. Hesabu ya Vitus ilikuwa sahihi karibu kila kichwa. Clemence alimpa mkono mbele ya msimamizi wa uchaguzi, akasema maneno mazuri, watu wakarudi majumbani.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Namunyak, mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maziwa nyumba hadi nyumba kwa miaka kumi na minane, ndiye aliyekiona wa kwanza. Wiki ile baada ya kura, wateja wake wa nyumba za juu, za Wapare, walianza kumwambia maziwa yana maji. Mmoja alisema mtoto ameacha kunywa. Mwingine hakufungua mlango, ingawa redio ilikuwa inalia ndani. Namunyak alirudi na galoni limejaa, akapitia kwa Asnath.

"Maziwa yangu yameharibika lini, mama Eva?"

"Hayajaharibika," Asnath alisema. "Nipimie."

Alinunua mengi kuliko waliyoweza kunywa, akagandisha.

Mwezi Desemba mvua za vuli zilikuja kwa nguvu. Mto ulishuka na mawe makubwa, ukavunja banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mfereji. Ajali kama hiyo iliwahi kutokea mara mbili, na mara zote mbili watu themanini, tisini, walipanda na majembe na mifuko ya mchanga wakamaliza kazi kwa siku mbili. Lugano aliitisha msaragambo Jumatano. Walifika thelathini na wanane, wote wa kambi. Kutoka nyumba za juu hakuja hata mmoja. Hakuna aliyegoma. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine mbuzi wake alikuwa amepotea, wengine walikuwa wamesafiri. Wamaasai nao walituma ujumbe kwamba wanangoja kwanza waone kama birika bado ni lao. Thelathini na wanane walisukuma mawe hadi mchana, wakayahamisha machache, wakarudi. Jumatano iliyofuata walikuja ishirini.

Januari jua likawaka. Maji yaliyoingia mfereji yalikuwa kidogo, na waliokuwa karibu na banio waliyamaliza kabla hayajafika chini. Birika la ndama likakauka. Lazaro, mtoto wa Namunyak, kijana wa miaka ishirini na mitano, akaanza kuwapandisha ng'ombe hadi mtoni kupitia njia ya kati ya mashamba. Siku moja ng'ombe saba walimponyoka wakaingia kwenye mahindi ya Aminieli, yale machache yaliyokuwa yamesimama. Aminieli alikuwepo, na majirani wawili. Zamani angepiga kelele na kumwita shemeji yake. Safari hii alishika mpini wa jembe. Lazaro aliinua mkono kujikinga, mfupa ukavunjika juu ya kiwiko.

Lugano alifika wakati kijana amekaa chini ya mti wa mwarobaini, ameshika mkono wake. Vijana wa Kimaasai kumi walikuwa tayari wamesimama upande wa pili wa mpaka. Lugano alimpakia Lazaro kwenye pikipiki ya Vitus aende hospitali, akawasihi wale kumi warudi nyuma hatua chache, nao wakarudi. Kisha akamgeukia Aminieli.

"Shemeji, twende tuhesabu mashina."

Aminieli bado alikuwa ameshika mpini wa jembe. Hadi siku ile alikuwa hajawahi kumpiga mtu.

"Hapana," alisema. "Kuhesabu anahesabu mtu wa katikati. Wewe ulikuwa wa katikati, shemeji. Sasa wewe ni upande."

Hakulisema kwa matusi. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Kesho yake kesi ilifunguliwa mahakamani Same, na pande zote mbili zikaanza kupanda basi la kupitia kijiji cha Kisiwani kwenda kusikia tarehe nyingine.

Lugano alikaa wiki nzima bila kutoka isipokuwa kwenda shamba. Siku ya nane Asnath alimwekea chai, akakaa mbele yake.

"Uliyasema mbele za watu," alisema. "Sasa unataka yaishie humu ndani?"

"Clemence ndiye aliyeanza."

"Najua aliyeanza. Mimi sikuolewa na Clemence."

Lugano alikwenda kwa Clemence asubuhi hiyo hiyo. Clemence alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti barazani. Lugano alimweleza alichotaka: waitishe mkutano wa kitongoji, wasimame wote wawili, kila mmoja ayarudishe maneno yake.

"Mzee Lugano," Clemence alisema, "zile zilikuwa kampeni. Zimepita. Ukianza kuomba radhi kwa kampeni, utamaliza lini?"

"Lazaro mkono wake haujapita."

"Mimi sikumpiga Lazaro."

"Wala mimi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Clemence alikuwa na nia ya kugombea udiwani, kila mtu alijua, na mtu anayetaka udiwani haanzi kwa kukiri. Mwisho alisema atafikiri. Alimsindikiza mgeni wake hadi njiani.

Mkutano ulifanyika bila Clemence. Lugano aliwatuma watu nyumba hadi nyumba, na kwenye nyumba za juu alikwenda mwenyewe, akipiga hodi, akisalimu kwa Chasu, lugha ya Wapare, kilichojaa lafudhi ya Tukuyu. Walikuja wengi kuliko alivyotegemea, pengine kwa udadisi. Hakutumia kipaza sauti.

"Siku ya sita ya kampeni nilisema ninyi mmetoa nini," alisema. "Nalima shamba nililopewa na mzee wa Kipare. Nimekula ugali wa mama Eva miaka thelathini na zaidi. Nilijua jibu, nikauliza hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka kura. Na pikipiki ya matangazo ya upande wangu ilipita kwenye milango yenu ikawadhihaki, nami niliisikia, nikanyamaza. Kosa la Clemence atalisema Clemence akitaka. Hili ni langu."

Vitus, aliyekuwa amesimama nyuma, aliinamisha kichwa. Watu wa kambi hawakufurahi. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mzee ameuza ushindi wao. Lugano alimsikia, akaendelea.

"Zamu za maji sitapanga tena mimi. Mtu aliyesema niliyosema hawezi kugawa maji akaaminiwa. Chagueni watu watatu: mmoja wa juu, mmoja wa kambi, mmoja wa ng'ombe. Mimi nitapiga mhuri watakachokubaliana."

Walibishana hadi jua likaegemea. Kwa upande wa ng'ombe Wamaasai walimtaja mzee Stefani. Yeye akakataa, akasema anayejua kila mlango wa kitongoji hiki ni Namunyak, mwekeni yeye. Wanaume kadhaa walinung'unika. Namunyak akauliza swali moja tu, kama atakayekuwa kwenye kamati anaruhusiwa kupita na galoni lake. Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza cha pamoja tangu Novemba.

Jumatano iliyofuata walipanda kwenye banio watu hamsini na kitu. Jumatano ya tatu walikuwa sabini. Clemence hakuja, lakini alituma saruji mifuko sita, na hakuna aliyeuliza saruji hiyo inamaanisha nini. Aminieli alikuja Jumatano ya pili. Alishika upande wa mbali wa mto, Lugano akashika upande wa huku, na mawe yalipita kutoka mkono hadi mkono katikati yao. Maji yalirudi mwishoni mwa Februari, yakiwa yamechelewa kuokoa mahindi ya vuli.

Kesi ya Same ilikwisha baada ya tarehe nne, pande mbili zilipokwenda kusema wamepatana. Mkono wa Lazaro uliunga ukiwa umepinda kidogo. Hawezi tena kurusha fimbo mbali. Baadhi ya nyumba za juu zilianza tena kununua maziwa kwa Namunyak. Nyumba tatu hazikuanza, na yeye huzipita bila kugeuka.

Lugano bado ni mwenyekiti. Hupiga mhuri, huandika barua za utambulisho, hufika misibani. Vijana wa kambi humsalimia kwa adabu na hawamwiti tena kwenye vikao vyao. Kwenye ratiba ya kamati shamba lake lilipangiwa Alhamisi mchana, wakati maji ni haba na jua ni kali, na yeye hakulalamika, ingawa Asnath alilalamika. Wiki kadhaa baadaye Aminieli alisimama kwenye mpaka, akamwita.

"Shemeji, Alhamisi zamu yangu ni asubuhi. Nikimaliza mapema nitakufungulia maji."

"Kamati imekubali?"

"Nimemuuliza Namunyak. Amesema nikimaliza mapema, si nikijifanya nimemaliza."

Lugano alisema sawa, akashukuru. Aminieli aliinua jembe lake akarudi kwenye mstari wake wa maharage, naye Lugano akaanza kusafisha mdomo wa mfereji upande wake.